Daftari la Majalada

Mawakili wasomi, makarani, vijana wetu wa mafunzo, na nanyi mliofuata chai: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe. Wakubwa zangu, shikamooni.

Nimeombwa nizungumzie ujumuishi, yaani kila mtu kupata nafasi sawa, katika ofisi za mawakili. Aliyenialika alinionya nisije na habari za maghorofa ya Dar es Salaam, basi nitasema za kwangu. Mimi ni mtu wa kuja. Nilitoka Kilimanjaro na begi moja na joho jipya, na mwaka huu natimiza miaka kumi na tisa nikila pweza wa Mtwara. Ofisi yangu haijawahi kuzidi watu saba. Wanawake wamo, Waislamu na Wakristo wamo, Mmakonde yumo, Mmwera yumo. Ukitupiga picha pale mlangoni unaweza kuitia kwenye kalenda.

Mwaka jana nilikuwa natafuta jalada la zamani, nikafungua daftari letu. Mnayajua haya madaftari: namba, mteja, aina ya shauri, wakili aliyepewa. Sijui nini kilinituma, nikaisoma safu ile ya mwisho peke yake, kurasa nane, juu mpaka chini. Mirathi, talaka, matunzo ya mtoto: dada yetu, wakili mwanamke. Ardhi, korosho, mikataba ya wenye malori: mimi na mwenzangu wa kiume. Kijana wetu wa Newala, aliyeapishwa kama nilivyoapishwa mimi, jina lake lilikuwemo mara nne, na katika hizo nne, tatu ameandikwa "msaidizi". Kazi yake ilikuwa kuongea Kimakonde na mashahidi wazee, kisha mimi naandika hati.

Hakuna siku niliyosema mwanamke asipewe shauri la shamba. Nilikuwa nagawa tu.

Sasa tuseme sheria, maana ndiyo ugali wetu. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, kinakataza ubaguzi kwa kabila, kwa mahali mtu alikotoka, dini, jinsi, ujauzito, ndoa, ulemavu, umri, na mengine mnayoyajua. Kinamtaka kila mwajiri akuze fursa sawa. Kila mwajiri, hata mwenye watu wanne na feni moja. Anayeomba kazi nacho kinamhesabu kuwa mwajiriwa. Na pale kinapofafanua taratibu za ajira ni zipi, mgawo wa kazi umo ndani, pamoja na mafunzo na kupandishwa cheo. Nimekisoma kifungu hiki mara nyingi mbele ya wasuluhishi, nikiwashambulia nacho waajiri wa watu. Sikuwahi kukirudisha ofisini kwangu.

Mtaniuliza: na mteja je? Mteja mwenyewe hataki mwanamke. Ni kweli, wapo. Nilimpa dada yetu shauri la madai dhidi ya chama cha msingi cha korosho, AMCOS, mzee akaja juu: hajapata kuona mwanamke akimhoji katibu wa AMCOS akambana. Nikamjibu kwamba mimi pia sijapata kuona, twende tukaone. Akahamisha jalada.

Lakini hoja ya mzee yule tusiicheke, maana majaji wakubwa waliwahi kuitoa. Uingereza, mwaka 1913, binti aitwaye Gwyneth Bebb alifika mahakamani na wenzake watatu wakidai haki ya kufanya mitihani ya uwakili. Sheria iliyohusika ilisema "mtu". Mahakama ya Rufaa ikaamua kwamba mwanamke hahesabiki humo, na sababu kubwa ilikuwa kwamba tangu zamani hajaonekana mwanamke aliyekuwa wakili. Hajapata kuonekana, basi asionekane. Bunge lao likaja kubadili sheria mwaka 1919, na mwanamke wa kwanza, Carrie Morrison, akaandikishwa 1922. Bebb alikuwa ameshafariki. Sisi hapa tulianza vizuri zaidi: Julie Manning alikaa kwenye kiti cha Jaji wa Mahakama Kuu, na mwaka 1975 akawa Waziri wa Sheria. Nusu karne imepita, halafu mimi naogopa kumtuma wakili mwanamke Masasi eti atalala wapi. Analala gesti, kama ninavyolala mimi.

Niwape kisa kimoja kilichonitia adabu. Mzee mmoja wa Nachingwea alifariki akaacha nyumba na mikorosho. Tulikuwa tunawatetea wanawe. Upande wa pili alisimama mpwa wake, mtoto wa dada yake, akidai mikorosho ni yake. Kwetu Kilimanjaro mali inateremka kuumeni, kwa ukoo wa baba, kwa hiyo nilimwona mpwa yule mvamizi, nikaandika kurasa tano za kumwita mvamizi. Aliyekuwa akizichapa ni karani wetu, mama wa Kimwera. Alifika ukurasa wa tatu akasimamisha mikono. "Bosi," akaniambia, "huyu kwa mila zetu si mtu baki. Ni wa tumbo moja na marehemu. Hebu waulize wateja wako, baba yao shamba alilipata kwa nani?"

Nikawauliza. Kumbe nusu ya mikorosho marehemu aliipata kwa mjomba wake mwenyewe, na nusu aliipanda na mkewe baada ya kuoana. Wazee wote wa ukoo walilijua hilo, na wangekuja kulisema mbele ya hakimu mimi nikiwa nimekana kwa kiapo. Mnakumbuka lile Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963 tulilokaririshwa chuoni? Linahusu makabila yanayofuata ukoo wa baba. Wamwera, Wamakonde, Wayao na Wamakua, ambao asili yao ni kukeni, kwa ukoo wa mama, hutawapata humo. Ilibidi nipate elimu hiyo kwa mpiga chapa. Tukatenganisha mikorosho ya ukoo na ile ya mume na mke, tukaongea, shauri likaisha kwa maelewano.

Katika jalada lile zima jina la yule mama halimo popote. Ada tuliyolipwa, yeye alipata mshahara wake wa kila mwezi, basi. Siku hizi anakaa kwenye mahojiano ya kwanza ya kila shauri la mirathi, ana kalamu yake, na posho yake imeandikwa.

Nihamie kwenye ngazi. Ofisi yetu ya kwanza ilikuwa ghorofani, Chikongola. Alikuja mteja anayetumia baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuzungusha kwa mikono. Nikashuka mimi, kwa heshima kabisa, tukaongea chini kwenye kivuli cha mwarobaini. Nilijiona muungwana. Hatua tatu kutoka pale kuna muuza mihogo, kuna bodaboda watano wanasubiri abiria. Mgogoro ulikuwa wa nyumba, baina yake na shemeji yake. Jua halijazama, shemeji alikuwa na hoja zetu zote, mpaka tarehe tuliyopanga kufungua shauri. Kutunza siri ya mteja ni wajibu ambao wakili anaweza kuvuliwa joho kwa ajili yake, nami niliimwaga barabarani kwa sababu sikuwa na chumba chini. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 ya watu wenye ulemavu. Ofisi kama yangu haifiki huko, kwa hiyo miaka yote nilipumua. Ngazi haikunihesabia watu.

Uzazi nisiukawize. Siku 84, au 100 akijifungua pacha, na akirudi ana haki ya hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Hilo wengi tunalitekeleza, tusijipige vifua. Angalieni tu amerudi kwenye meza yenye nini. Kwetu dada alirudi akakuta majalada yake yamegawanywa kama nyama ya kitoweo, na hakuna aliyekuwa tayari kurudisha fungu lake. Na vikao vya wabia vya Ijumaa saa saba mchana, wenzetu Waislamu wakiwa msikitini, jamani, viacheni.

La lugha linaniuma. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Lakini bado kijana akija kuomba nafasi tunampima kwa Kiingereza. Kuna ofisi moja, siyo ya hapa, nilikaa kwenye usaili nikamsikia mbia akicheka matamshi ya binti aliyesoma shule ya kata Liwale. Binti alikuwa ameshahangaikia nauli na chumba cha kupanga Dar es Salaam ili amalize mafunzo ya uanasheria kwa vitendo, na maandishi yake yalikuwa bora kuliko ya wote tuliowaona siku ile. Nafasi akapewa mwingine. Mimi nilikuwemo kwenye meza ile na nilinyamaza.

Jumatatu hii nimelifungua tena daftari. Dada yetu ana mashauri sita ya ardhi. Kijana wa Newala ana matatu ambayo ni yake mwenyewe, na moja ameshindwa. Nilitamani kumnyang'anya rufaa yake, nikajizuia. Tumehamia chini, kodi imepanda, na fundi ametumwagia mteremko wa zege pale mlangoni. Lakini mashauri ya korosho, kurasa mbili nzima, yana jina la wakili mmoja tu. Ni jina langu. Huko ndiko ada iliko nene. Nimetoa nakala ya kurasa hizo, majina ya wateja nimeyafunika kwa karatasi. Ziko pale mezani karibu na birika. Anayetaka kuniuliza, aanze na hizo.