Zamu Zilezile, Mwezi Mwingine

(Mazungumzo na wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uuguzi, Dodoma)

Mbukwenyi! Walimu wangu mlioketi mbele, itifaki imezingatiwa. Wadogo zangu, nimekuja kusema jambo ambalo ningependa mtu aniambie siku nilipokaa kwenye viti kama hivyo, karatasi ya kliniki nimeikunja ndani ya daftari ili jirani asiione.

Nina selimundu, ugonjwa wa kurithi wa seli nyekundu za damu. Nilizaliwa nayo Musoma, nikasoma uuguzi nayo, na huu ni mwaka wa tisa niko nayo wodini. Inakadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa na ugonjwa huu nchini mwetu kila mwaka, kwa hiyo huenda humu ukumbini siko peke yangu. Sitamwomba mtu anyooshe mkono.

Nianzie mbali, Chicago. Mwaka 1904 kijana wa kisiwa cha Grenada, Walter Clement Noel, alikwenda huko kusomea udaktari wa meno. Mwaka huo huo haujaisha, akalazwa. Daktari kijana aliyekuwa mafunzoni, Ernest Irons, alitazama damu yake kwa hadubini akaona seli nyekundu zimerefuka na kupinda. Mkuu wake, James Herrick, alichapisha habari hiyo mwaka 1910, na ndiyo maelezo ya kwanza ya selimundu katika majarida ya tiba ya Magharibi. Mwalimu akifundisha historia hii huishia kwenye seli. Mimi nilitaka kujua habari za mwanafunzi. Aliugua, akapata nafuu, akaugua tena, na mwaka 1907 akahitimu. Akarudi kwao, akafungua kliniki ya meno mjini St. George's, akatibu watu mpaka alipofariki kwa nimonia mwaka 1916, ana miaka 32.

Miaka 32 ni michache, siwafichi. Lakini yeye hakuwa na penisilini wala haidroksiyurea, dawa tunayotumia sisi wenye selimundu, na hakuishi Dodoma ya leo, ambako tangu mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa inapandikiza uloto, yaani ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, kwa watoto wenye selimundu waliopata ndugu wa kuwachangia. Namtaja kwa sababu mtu wa kwanza kuandikwa kwenye majarida hayo kuwa na ugonjwa wangu alikuwa mwanafunzi wa tiba, kama ninyi.

Sasa nije kwetu. Mliotoka ukanda wa ziwa au pwani mtaujua Julai upepo wa hapa. Mchana jua linakukausha bila hata jasho kuonekana, usiku baridi inapenya mpaka kwenye mifupa. Kwa mtu wa selimundu hayo ndiyo mambo mawili mabaya: mwili ukipungukiwa maji, seli hujikunja kwa urahisi zaidi, baridi ikibana mishipa, seli zilizojikunja hukwama.

Mwaka wa pili nilipangiwa zamu kumi na mbili za usiku, zote Julai. Sikumwambia mtu. Niliogopa kuambiwa tena maneno niliyoambiwa siku za usajili, kwamba uuguzi si kazi ya mgonjwa, nikasome kitu cha kukaa mezani. Basi nikawa nakwenda maabara na kurudi kwenye ukumbi wa wazi, sweta nimeliacha bwenini kwa sababu halimo kwenye sare, na maji sinywi nisije nikaomba ruhusa ya kwenda msalani mara kwa mara. Usiku wa tatu miundi ikaanza kuuma. Nikavumilia. Saa kumi alfajiri nilikuwa natayarisha dawa, nikasoma maandishi ya kichupa kile kile mara tatu bila kuelewa kilichoandikwa.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli, na si kwa ajili yangu. Kitanda cha nne kulikuwa na mzee aliyekuwa ananisubiri na sindano hiyo. Nilimwita mwenzangu, nikamkabidhi trei, nikakaa sakafuni. Asubuhi nililazwa wodi ya jirani, sare yangu imekunjwa chini ya mto.

Nilipotoka nilikwenda kwa mwalimu aliyesimamia mafunzo ya vitendo, nikamweleza yote. Alinipa pole mara moja tu, kisha akavuta kalenda. Akauliza, "Julai na Agosti usiku huziwezi. Utazilipa lini?" Nikasema Oktoba. Akaandika. Akazungumza na inchaji wa wodi: niruhusiwe sweta chini ya sare, na chupa ya maji ikae kwenye meza ya wauguzi. Oktoba nililipa zile tisa zilizobaki. Saa nilizofanya ni zilezile walizofanya wenzangu. Kilichobadilika ni mwezi.

Naomba mlishike hilo, kwa sababu tofauti yake na kusamehewa kazi ni kubwa. Aliyesamehewa zamu anahitimu hajui usiku wa wodini ukoje, na wenzake waliobeba mzigo wake wanamnung'unikia. Nendeni kabla ratiba haijabandikwa. Beba barua ya daktari wako, na beba pendekezo. Useme mwili wako unahitaji nini kazini. Historia yote ya ugonjwa si lazima. Mwenye kifafa, kukosa usingizi kunaweza kuleta degedege, na huenda kwake zamu za usiku zikahitaji mjadala mzito zaidi kuliko wangu. Mwenye kisukari cha kutumia insulini anahitaji saa ya kula isiyochezewa. Na kama ni VVU, Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri yako. Mwenzako hana haki ya kukutangaza bwenini.

Lipo jambo jingine, nalo ni gumu kwangu kulisema. Watu watawaambia kwamba ninyi mnaougua mtakuwa wauguzi bora kwa kuwa mnajua maumivu. Ni kweli kidogo. Mimi nikimwona kijana wa selimundu anatazama simu huku anasema maumivu ni nane kwa kumi, namwamini, ilhali wakati mwingine wodini atasemwa kwamba anataka sindano tu. Aliyeishi na maumivu tangu utotoni hujifunza kunyamaza nayo. Hilo nalijua bila kufundishwa.

Lakini alikuja mama mmoja kutoka upande wa Kondoa, mwanawe wa miaka miwili ndiyo kwanza amepimwa na kukutwa na selimundu. Analia. Nikamwambia, "Mama, usilie, mimi mwenyewe ninayo, na unaniona nimesimama hapa." Akanyamaza, akatabasamu. Nilitembea siku nzima nimefurahi. Miezi michache baadaye mtoto akapata kiharusi. Mama akaniona mlangoni, hakunilaumu. Aliniuliza, "Sista, mama yako alifanya nini ambacho mimi sikukifanya?"

Sikuwa na jibu. Mama yangu hakufanya lolote ambalo yeye hakulifanya. Nilikuwa nimempa ahadi isiyo yangu, na nilimpa kwa sababu machozi yake yalikuwa yananiumiza mimi. Tangu siku ile, kabla sijamtajia mgonjwa ugonjwa wangu najiuliza nataka kumsaidia nani. Mara nyingi nanyamaza, nakaa, namsikiliza.

Muda wangu umekwisha. Nitakuwa pale nje chini ya mwarobaini mpaka saa nane mchana. Anayetaka tuzungumze aje na ratiba yake ya zamu. Kalamu ninayo.