Kreni Itapita Wapi? Nyumba za Moduli na Mji wa Lamu

Mhadhara uliotolewa Lamu mbele ya mafundi, wanafunzi na wazee wa mtaa

Assalamu alaikum masheikh, mama zangu, mafundi, na nyinyi vijana mliokaa karibu na mlango ili mpate kutoroka mapema. Mwenyekiti ameniomba nizungumzie nyumba za moduli zinazomweka mkaazi karibu na maumbile. Ananijua, na anajua nitaelekea wapi, kwa hivyo asije akanilaumu.

Picha mmeziona kwenye simu zenu. Nyumba inaundwa karakanani vipande vipande, inapakiwa kwenye lori, kreni inavipachika, na baada ya siku chache mtu amehamia. Juu ya paa wameotesha majani. Inapendeza, sikatai. Lakini kila anayeniletea picha hizo humuuliza: kreni itapita wapi? Pale mtaa wa Mkomani, ndani ya mji mkongwe, punda wawili wenye mizigo wakikutana, mmoja hana budi kurudi nyuma. Mawe yanatoka Manda kwa jahazi, yanashushwa ufukoni, yanapanda punda. Basi hapa petu moduli inapimwa kwanza kwa kile kinachobebwa na punda mmoja, au na wanaume wawili bila kukwaruza ukuta wa jirani. Mchoraji asiyeanzia hapo anachorea mji mwengine.

Sasa boriti. Najua mmeshanisikia. Mtanisikia tena.

Boriti ya mkoko inabeba dari ya mawe na chokaa kwa upana wa mita 2.5 hivi, ukiivuta sana, 2.8. Kwa sababu hiyo vyumba vya nyumba zetu za mawe vyote vina upana unaokaribiana: msana wa tini, msana wa yuu, ndani, vyembamba na virefu, kimoja nyuma ya chengine. Fundi hakungoja ramani, alihesabu boriti. Ukitaka chumba kirefu zaidi, ongeza boriti, upana usiuguse. Binti akiposwa, baba aliongeza ghorofa, au akavuka njia kwa wikio, chumba kinachopita juu ya njia kama daraja, na kumjengea upande wa pili. Nyumba ilikua kadiri ukoo ulivyokua, na kila ilipofika ilikuwa nyumba kamili. Hakuna aliyeishi na vyuma vimechomoza juu ya paa miaka kumi akingojea pesa za ghorofa ya pili, kama tunavyoishi sasa na kuita maendeleo. Hiyo ndiyo moduli. Tulikuwa nayo, tukaitupa, na leo tunaletewa tena kwa bei ya dola.

Tazameni kichekesho. Kontena la meli lina upana wa mita 2.44. Karibu sawa na msana wa bibi yako! Kipimo ni kile kile, lakini kuishi ndani yake ni mbingu na ardhi. Msana umefunguka upande mzima kuelekea kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba, na kiwanda hakina paa. Hewa ya moto inapanda na kutokea juu, hewa iliyopoa kwenye kivuli cha njia inaingia kwa dakani, pale ukumbi wa mlangoni, na ukuta wa matumbawe, unene wake karibu nusu mita, unalichelewesha jua mpaka magharibi. Usiku unausikia upepo, unaziona nyota, asmini iko hapo hapo miguuni pako. Kontena ni bati lenye mlango upande mmoja. Lala humo mwezi wa Februari, utaamka umeiva kama wali uliopaliliwa makaa. Muuzaji atakwambia weka kiyoyozi. Amekukata na upepo wa kaskazi unaovuma bure, kisha anakuuzia upepo mwengine kwa bili ya stima kila mwezi. Na chuma, kwa hewa hii ya chumvi? Waulizeni wenye boti.

Kuna atakayesema huyu mzee anataka turudi zama za masultani. La. Nimewasoma waliofanya kazi ya visanduku kwa akili zao zote. Kule Tokyo, msanifu Kisho Kurokawa alisimamisha jengo la Nakagin mwaka 1972: vyumba 140 vya chuma vilivyofungwa kwenye minara miwili, kila chumba kibadilishwe baada ya miaka 25. Hakikubadilishwa hata kimoja, na mwaka 2022 jengo likavunjwa. Kisa? Ili ukitoe cha chini, ilibidi kwanza uviondoe vya juu yake, na kila kimoja kina mwenyewe. Nani atakubali chumba chake king'olewe kwa sababu cha jirani kinavuja? Hapa boriti ikiliwa na mchwa, fundi anategemeza dari, anafungua sehemu ile, anaweka boriti mpya, na wenye nyumba wamehamia msana wa pili wanaendelea na chai yao. Mtu akija kuwauzia moduli, mwambieni akuonyesheni jinsi ya kutoa moja iliyooza bila kuwahamisha wengine. Akianza kufunua karatasi na kukohoa, muageni.

Simkatai kila mgeni, eh. Msanifu Moshe Safdie, kule Montreal mwaka 1967, alipanga masanduku 354 ya zege kwa namna ambayo paa la huyu ni bustani ya yule. Alielewa kwamba mtu wa ghorofani naye ana haki ya udongo. Ikamshinda bei: alikusudia watu wa kawaida, leo wanaokaa pale ni wenye nazo. Lakini fikra yake naichukua.

Kwa hivyo nataka nini? Fremu ya miti yenye upana wa boriti moja. Moduli tatu zikizunguka kiwanda. Na sharti moja nisiloliachia: hakuna moduli inayokaliwa na mtu isipokuwa upande wake mmoja umefunguka wote kwenye ardhi iliyo wazi, yenye mmea. Asmini, rihani, mlangilangi, hata mpapai, mimi sichagui. Majani yaliyobandikwa ukuta wa nje ili mpita njia apige picha hayamsaidii aliye ndani.

Msinijibu kwamba mji mkongwe unalindwa na UNESCO tangu 2001. Sisemi na mji mkongwe. Nasema na sehemu za nje yake, Wiyoni, na Mokowe, na Hindi, na kila kiwanja kitakachojengwa kwa ajili ya bandari pale Kililana. Gati la kwanza lilifunguliwa 2021, wafanyakazi watalala mahali, na ramani za kuwalaza zitachorwa na watu wasioijua kusi wala kaskazi.

Mikoko? Nilijua itakuja. Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko kwetu, na marufuku ya ukataji miti ya 2018 iliwaumiza wakataji wetu, kwa hivyo silizungumzi kwa mzaha. Kateni kwa leseni na kwa kuchagua: fito, pau, boriti, kila kimoja kwa unene wake, na msitu usifyekwe. Palipo haba tumieni mvinje. Unapandwa pwani nzima na unakua upesi.

Mtaniuliza pia makuti ya paa na moto: ndiyo, yanawaka, kwa hivyo yasikaribiane na jiko, na nyumba zisibanane. Mwenyekiti ananionyesha saa. Choo basi, kwa haraka. Wazee waliweka samaki wadogo kwenye birika la maji la chooni ili wale viluwiluwi vya mbu, na bakuli la kaure chini ili maji yakipungua samaki wasife. Wanafunzi, chorezeni birika nyumba zenu mpya. Mvua ya paani iingie humo.

Jua na umeme wake nauacha, wako wanaoujua kunishinda. La maji siliachi. Maji ya mji huu yanatoka chini ya mchanga wa Shela. Mvua inanyesha kwenye vilima vile, inazama, na sisi tunaichota visimani. Ukimwaga zege juu yake, au ukichimba shimo la choo pale, hata nyumba yako iwe na bustani kila ghorofa, umewatilia watu uchafu kinywani. Mwenye kiwanja upande ule na aje tuzungumze kabla hajamwita fundi.

Haya, maswali. Tuanze na yule kijana wa mlangoni aliyeinuka.