Kulungu Niliowakosa, na Mjomba Asiyetaka Kuniamini

Mwangaluka, wana Mwanza! Na mlioko mbali, salamu zenu pia.

Leo nyuma yangu hakuna theluji. Hayo mnayoyaona ni mawe ya Igombe, wale kina mama kule wanageuza dagaa juani, na huyo aliyekaa kwenye mtumbwi uliopinduliwa, anayeshona wavu na kujifanya hanisikii, ni mjomba wangu. Shikamoo Mjomba! ... Kaitika kwa kichwa. Amenikataza kumwonesha uso, kwa hiyo mtamwona mgongo na kofia basi.

Najua mlichokifuata. Tangu Oktoba mnaniandikia kitu kimoja tu: kulungu yuko wapi? Niliwaahidi mwenyewe kwamba nitamwinda mmoja mkiona kwenye video, nikanunua mpaka kile kimkono cha kushikia simu mtini. Basi nianze na jibu, ili asiyetaka maelezo aende zake akaangalie mpira. Sikupata. Msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki kule Wisconsin, Marekani, mwaka 2025 ulianza Jumamosi tarehe 22 Novemba ukaisha Jumapili tarehe 30. Siku 9. Mimi nilipanda mti siku 6 kati ya hizo, na siku zote 6 nilishuka mikono mitupu. Kiswahili nacho kimetuonea: kukosa shabaha, kukosa mnyama na kukosa adabu, yote ni kukosa. Mimi ndani ya siku hizo niliyafanya yote matatu.

Kwanza tuelewane kuhusu mnyama mwenyewe, maana kuna dada aliniandikia, "Kaka, si upande boti uende Saanane, swala wamejaa?" Dada yangu, huyu ni mwingine. Swala akishaota pembe ni zake mpaka afe. Kulungu wa kule, huyu wa mkia mweupe, dume lake huangusha pembe kila msimu wa baridi na kuotesha nyingine mpya. Wazee wa kanisani, ni jamaa ya yule ayala wa Zaburi. Ukoo huo kusini mwa Sahara hatuna wa asili. Swala wetu na pongo wetu ni ukoo wa ng'ombe, yaani swala wa Saanane anakaribiana kidugu na ng'ombe wa Magu kuliko na huyu kulungu niliyemhangaikia mimi. Na akishtuka anainua mkia, upande wa chini mweupe pee, kama mtu anayekupungia leso kwenye meli ya Bukoba. Huo mkia nimeuona sana. Sura ndiyo sikuiona vya kutosha.

Kuhusu ujangili, naona mmeshaanza, hapana. Nina leseni. Kule mtu yeyote aliyezaliwa kuanzia tarehe 1 Januari 1973 lazima kwanza asome kozi ya usalama ya wawindaji, na mimi nimesoma, nimefanya mtihani, nimefaulu. Unavaa rangi ya chungwa inayowaka kama wafanyakazi wa ujenzi wa barabara, ili mwindaji mwenzako asikuchanganye na mnyama. Kulungu mwenyewe rangi hiyo haimsumbui, macho yake hayaioni kama tunavyoiona sisi. Nyama huuzi. Unakula, unagawia watu, lakini kuuza hapana.

Haya. Jumamosi.

Rafiki yangu wa kazini ndiye aliyenikaribisha kwenye shamba la baba yake, magharibi ya mji wa Madison. Kule ni vilima vilima, mahindi yameshavunwa, na katikati kuna misitu ya mialoni. Unakaa kwenye dungu, lile lile dungu la kulindia ndege shambani, ila la kwao ni kiti cha chuma kilichofungwa kwenye shina, na wewe mwenyewe unajifunga mkanda usije ukasinzia ukaanguka. Ruhusa ya kupiga inaanza nusu saa kabla ya jua kuchomoza. Mimi saa kumi na moja na nusu alfajiri nilikuwa nimeshakaa, nyuzi 8 chini ya sifuri, pua siisikii. Kabla hatujaachana, rafiki alinipa kichupa kidogo cha unga mweupe, laini. Akasema kitanisaidia. Nikamshukuru, nikafungua jaketi, nikajipaka kwapani.

Msicheke. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Kichupa kina harufu ya hakuna kitu, kinapuliza unga, nikajua ni poda ya kuzuia jasho lisinukie. Kumbe kile ni cha kupimia upepo! Unakibinya, unga unatoka, unautazama unaelea kwenda wapi. Kulungu pua yake ndiyo macho yake. Upepo ukitoka kwako kwenda kwake, umeshapiga hodi.

Na mimi nilipiga hodi kwa chai. Nilibeba chupa ya chai ya tangawizi na iliki, ile ya nyumbani, nikaimimina saa moja hivi jua linachomoza. Mvuke wenyewe niliutazama ukiteremka nyuma yangu kuelekea bondeni, nikaona mzuri, nikautamani hata kuurekodi. Dakika kumi baadaye nikasikia chini huko nyuma: du. Kimya. Du. Ni jike anapiga mguu wa mbele ardhini. Hufanya hivyo akiwa na wasiwasi, akikulazimisha ujitikise. Nikageuza shingo polepole, kiti kikalia. Akapuliza pua kwa nguvu, fyuuu, kama tairi la baiskeli limetoboka, na leso ikapanda juu. Walikuwa wanne. Sikuwa nimemwona hata mmoja kabla ya hapo.

Jana usiku nilipomsimulia Mjomba, hapo ndipo alipoacha kula. Akanitazama. "Wewe mtoto wa ziwani, unapangiwa upepo na kichupa?" Ilinichoma, kwa sababu nimekulia hapa hapa. Nikiwa darasa la nne nilikuwa natumwa kutazama moshi wa jiko la bibi wa uji pale juu kabla ya mtumbwi kuingia majini, nirudi niseme umelalia wapi. Kila mtoto wa mwalo huu anajua kutazama moshi. Na chai yangu ilikuwa inafuka moshi mbele ya macho yangu!

Sasa Jumanne. Hii ndiyo yenyewe, na nisingeisema kama si ahadi.

Novemba ni majira yao ya kupandana. Madume yanachanganyikiwa. Dume ambaye mwaka mzima hatoki mchana, wiki hizo anakatiza uwazi pua chini anafuata harufu ya jike kama anavuta kamba. Saa tatu asubuhi alitokea. Namna hii: kwanza niliona kitawi kinatikisika wakati vingine vimetulia. Halafu pembe. Nilizihesabu ncha, nikafika nane. Shingo nene kama gunia, na pumzi inatoka puani kwa vishindo, puu, puu, unaiona kabla hujaisikia. Alikuwa anapita mbele yangu, kushoto kwenda kulia, kama hatua 40.

Rafiki alinifundisha: dume akipita haraka usimpige akiwa anatembea, mlilie kama mbuzi, "meee," atasimama asikilize. Nikalia. Sauti ilitoka ya mbuzi wa Kisesa haswa, sitanii. Akasimama! Ubavu wote umenielekea, kichwa kainua, masikio yanazunguka.

Bunduki ilikuwa inaning'inia kwenye ndoano mkono wa kulia. Simu ilikuwa kwenye kimkono chake mkono wa kushoto. Glavu ya kushoto nilikuwa nimeivua, maana kioo cha simu hakikubali kidole chenye glavu. Nadhani mmeshajua nilikwenda upande gani. Nikaigeuza simu, nikawanong'oneza nyie, kwa Kiswahili fasaha kabisa: "Ndugu watazamaji, huyo hapo. Mnamwona? Mnamwona?"

Nawawekea kipande chenyewe hapa. Sekunde 11. Sekunde 4 za mwanzo ni gome la mti. Halafu kidole changu. Halafu mnasikia hiyo "mnamwona," na kwa mbali kona ya juu kuna kitu cha kahawia ambacho mmoja wenu ataniandikia ni ng'ombe. Kisha giza, kwa sababu betri iliyokuwa na asilimia 31 iliona baridi ikajizimia yenyewe. Nilipoinua macho kutoka kwenye kioo cheusi, dume alikuwa bado yupo, naapa, bado yupo. Nikaifuata bunduki, glavu ikaniponyoka. Ilianguka taratibu sana. Ilipogusa majani akaondoka, wala hakukimbia. Alitembea.

Jumatano nilisahau kutoa kizuizi cha usalama nikawa nabonyeza kifyatulio kisichobonyezeka. Tupite.

Alhamisi ilikuwa sikukuu yao ya kushukuru, nikapiga risasi yangu ya pekee ya msimu, hatua 70. Kulungu alitimka. Ukipiga, sheria ya kwanza ni kwenda pale aliposimama uangalie: damu, manyoya, mfupa. Theluji ilikuwa nyembamba, kila kitu kinaonekana. Tulizunguka na rafiki saa mbili nzima, tukifuata kwato mpaka zikavuka kijito. Hata tone. Tuliporudi akaninyooshea kidole: kitawi cha mti kama kidole gumba kimekatwa, mbao mbichi nyeupe inang'aa. Risasi yangu iliua tawi. Nilifurahi, nawaambia ukweli. Kukosa kabisa kuna usingizi. Kujeruhi mnyama akakufia porini usimpate, hiyo rafiki yangu anasema ilimpata miaka 6 iliyopita na hadi leo kile kichaka hapiti.

Kisha Jumapili, siku ya mwisho. Kule Novemba jua linazama kabla ya saa kumi na nusu. Nyie Mwanza saa hiyo mnanunua mahindi ya kuchoma na miwani ya jua usoni! Saa kumi kamili jike mmoja mkubwa akasimama juu ya mgongo wa kilima. Kibali cha jike ninacho, kizuizi nimetoa, simu iko mfukoni imezimwa kabisa. Upepo unanipiga usoni, nimeupima kwa kichupa, safari hii nikiwa nimekishika kama mtu mwenye akili. Na nyuma yake ni anga tupu. Kozi ilitufundisha hilo mpaka likatuchosha: usimpige mnyama aliyesimama angani, kwa sababu risasi ikimpita hujui inatua kwa nani. Ng'ambo ya kilima kile kuna nyumba, nimeshawahi kuona taa zake. Nikamngojea ateremke. Hakuteremka. Alikula majani makavu, akajikuna sikio kwa mguu wa nyuma, akatazama bondeni kama mama anayengoja daladala. Dakika baada ya dakika. Nilikuwa namwomba kabisa, kwa Kisukuma, kimoyomoyo.

Muda wa kisheria ukaisha. Nikatoa risasi, nikaziweka mfukoni, moja, mbili, tatu. Nikawa nafungua mkanda nishuke, nikasikia majani. Ameteremka. Alikuja na watoto wawili nyuma yake, akapita chini ya mti wangu, karibu kiasi kwamba ningemtemea mate ningempata. Manyoya ya mgongoni yalikuwa na chembe za theluji. Sikupumua. Saa yangu ilikuwa imepita mwisho kwa dakika 4.

Kwa wanaouliza kama nilikula nyama: nilikula. Rafiki alipata wawili, akanipa paja moja. Ila kwanza tulingoja. Kule kuna ugonjwa wa kulungu unaowakondesha mpaka kufa, Wisconsin waliugundua mwaka 2002, kwa hiyo wengi hupeleka kichwa kipimwe bure kabla ya kula. Majibu yakaja salama. Nililichemsha na vitunguu na nyanya, ugali pembeni. Nyama haina mafuta, ina utamu wa mbali kama ini. Mjomba alitaka kujua zaidi kuhusu kichwa. "Kichwa unawapelekea serikali? Na supu?"

Hajaamini hata robo ya habari hii, lakini hesabu zake anazo. Anasema sisi wa dagaa tukirudi mtupu tunalaumu mwezi, kwamba ulitoka mapema taa zetu zisionekane. Wewe unalaumu chai, simu na kitawi. Mwezi angalau hukuununua.

Ehe? Anaongea. Mjomba, sema kwa nguvu wakusikie.

... Anauliza yule jike wa Jumapili. Anasema, "Hebu nieleweshe. Yeye alikuwa na saa?"