Kuhama Windows kwenda Linux: vitu vidogo ndivyo vinarudisha watu nyuma

(Mazungumzo na wenye sekretaria publiki (nyumba za kuandikia na kuchapia watu karatasi) pamoja na wanafunzi, Ibanda, Bukavu)

Aksanti sana ba papa, ba mama, na ninyi wanafunzi mulioketi kule nyuma kabisa, sogeeni mbele juu ekra iko ndogo na sauti yangu si ya mhubiri. Nimeona kwenye karatasi ya mwaliko wameandika "faida za Linux", ule mfumo wa kuendesha kompyuta pahali pa Windows. Hizo faida munazijua tayari: ni ya bure, hakuna mambo ya kutafuta krak za kuvunja kufuli ya leseni, na zile virusi za fulashi zinazogeuza dosie zote za mteja kuwa shotikati hazina cha kufanya mule ndani. Sitaongea sana juu ya hiyo. Mimi nataka tuongee juu ya wale waliohama kisha wakarudi, juu kwenye kazi yetu hii wako wengi, na ukiwauliza kwa nini walirudi karibu hakuna anayekutajia kitu kikubwa. Mtu harudi Windows juu ya kernel, ule moyo wa mfumo. Anarudi juu mteja amesimama mbele yake, yeye anataka kuandika 2025 kwenye faktire, na ekra inamuandikia ÉÀÉ(.

Tutafika pale. Kwanza kwa nini watu wanahama sasa hivi kuliko zamani. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kuhudumia Windows 10, maana yake hakuna tena apdeti za usalama isipokuwa ile nyongeza ya mwaka mmoja kwa wenye kujiandikisha. Na Windows 11 ambayo ilitoka 2021 inachagua mashini: inataka chipu ya usalama inayoitwa TPM 2.0, RAM ya giga 4, diski ya giga 64, na kwa upande wa Intel orodha yao inaanzia jenerasheni ya 8. Sasa angalieni zile mashini za okazio, zilizotumika tayari, zinazotufikia huku, zile HP na Dell za ofisi za Ulaya, nyingi ni i5 ya jenerasheni ya 3, ya 4, ya 6. Ni mashini nzima kabisa, klavie (kibodi) ngumu, hazifi, ila zimefungiwa mlango. Najua kuko njia za kupitia dirishani, na najua katika hiki chumba kuko watu wanaishi kwa hizo njia, basi mimi siko polisi.

Linux yenyewe si kitu cha jana. Linus Torvalds aliitangaza 1991, alikuwa mwanafunzi wa Helsinki kule Finland, miaka 21 tu, na wenye simu za Android humu ndani munatembea nayo mfukoni kila siku hata kama hamujui. Kwa mtu anayetoka Windows mimi nasemaka aanze na Linux Mint, ile iliyoanzishwa 2006 na Mfaransa Clément Lefebvre, juu meza yake iko kama ya Windows: menyu chini kushoto, saa chini kulia. Mashini ikiwa na RAM ya giga 2 tu chukua ile ya Xfce ambayo ni nyepesi, ikiwa na 4 kuendelea chukua Cinnamon. Unaiweka kwenye fulashi, unawasha mashini kupitia fulashi, na unaijaribu bila kugusa kitu chochote kwenye diski.

Lakini hapo ndipo kuko mtego. Vile inafanana na Windows, mtu anajisahau, mikono inaenda yenyewe kama punda anayejua njia ya nyumbani, na kila mara ikikuta kitu hakiko pale ilipozoea anaona Linux ni mbovu. Kumbe haiko mbovu, iko tofauti.

Sasa klavie. Hapa nitakaa kidogo. Wakati wa kuinstale inakuuliza klavie gani, na watu wengi wanabonyeza tu "endelea" juu wanaharaka. Kama iliandikwa ya Kiingereza, herufi A inakuwa Q, na ubaya ni kwamba dakika chache baadaye unatunga neno lako la siri juu ya hiyo klavie ya uongo, kisha kesho unarekebisha klavie kuwa ya Kifaransa, na neno lako la siri halikubali tena. Mtu anaapa kwamba ameandika sawa. Ndiyo ameandika sawa kwa vidole, ila herufi zimebadilika chini ya vidole. Kwa hiyo pale kwenye kuchagua klavie kuko kisanduku kidogo cha kujaribu, andika mule A, Z, M, andika na alama ya @, halafu ndio uendelee. Na ninasema @ kwa sababu yake. Mashini nyingi za okazio zinatoka Ubelgiji, na azerty (klavie inayoanza na A, Z, E, R, T, Y) ya Ubelgiji si azerty ya Ufaransa: kwa Wafaransa @ inatoka kwa AltGr na kitufe cha à, kwa Wabelgiji inatoka kwa AltGr na kitufe cha é. Angalia kile kimechorwa kwenye klavie yako, usiangalie lugha unayoongea.

Haya, ile ÉÀÉ( yetu. Ninyi wenye kuandika faktire na atestasio kutwa nzima kwenye laptopu ndogo isiyo na tarakimu za pembeni, munafanyaka nini? Munafunga Caps Lock, munaandika namba, munafungua. Windows yenye klavie ya Kifaransa inakubali hivyo, Caps Lock pale inageuza vitufe vyote, kitufe cha é kinatoa 2, cha à kinatoa 0. Linux inaelewa Caps Lock vingine: kazi yake ni kukuza herufi, basi, é inakuwa É, à inakuwa À, na ile mabano haina umbo kubwa basi inabaki mabano. Ndiyo maana 2025 inatoka ÉÀÉ(. Mama mmoja mwenye sekretaria upande wa Kadutu aliniambia siku tatu alifikiri klavie imeingia maji! Na dawa yake iko pale kwenye mipangilio ya klavie, sehemu ya chaguo, kuko mahali pa tabia ya Caps Lock, unachagua ile inayosema igeuze vitufe vyote, mambo yamekwisha. Ila mimi binafsi nimeiacha vile Linux inavyotaka, juu sasa naandika ÉCOLE na ÉTAT CIVIL na À QUI DE DROIT na aksenti zake bila kutafuta alama kwenye Word, na kwa namba nashika Shift. Kila mtu aone kazi yake inataka nini.

Cha pili ni TFC na memuare za wanafunzi, zile kazi za kumaliza masomo, na hapa ndipo pesa yetu inatoka kwa hiyo sikilizeni. Mwanafunzi analeta fishie (faili) ya Word, unaifungua kwa LibreOffice, ile programu ya bure ya kuandikia pahali pa Word, kazi ilikuwa kurasa 60 sasa ziko 63, jedwali la yaliyomo linadanganya, picha imerukia ukurasa wa nyuma. Mwanafunzi anakuangalia vibaya. Mara nyingi si LibreOffice imeharibu, ni fonti haiko. Calibri na Cambria ni mali ya Microsoft, haziji na Linux, basi programu inaweka fonti nyingine ambayo upana wake si sawa, mstari unaokuwa na maneno kumi unakuwa na tisa, na ukizidisha hiyo mara kurasa 60 unaona mwenyewe. Kuko fonti mbili zilitengenezwa makusudi kwa upana uleule: Carlito pahali pa Calibri, Caladea pahali pa Cambria. Ni za bure, angalia kama ziko, kama haziko ziongeze. Kwa Times New Roman iko Liberation Serif, nayo ni upana uleule, na ukitaka Times yenyewe na Arial kuko pakiti inaitwa ttf-mscorefonts-installer, ila musitafute Calibri mule, haimo. Na mwisho wa yote: kazi ikimalizika mpatie mteja fishie mbili, ya docx kwa kusahihisha na ya PDF kwa kuchapa, juu PDF haisogei popote ikifunguliwa. LibreOffice yenyewe ukiiacha inahifadhi kwa odt, mteja anaenda kufungua kwa cyber nyingine wanamwambia "hii fishie haijulikani", na jina linaloharibika ni lako. Iko mahali pa kuipangia ihifadhi kwa docx kila mara.

Na kabla ya kuinstale, hii ninawaomba sana, washa ile Linux ya fulashi, chomeka emprimante yako, chapa ukurasa mmoja, fungua na memuare moja nzito ya mteja uone. HP nyingi zinakubali palepale juu dreva zake ziko ndani tayari. Baadhi ya Canon za leza zinataka dreva kutoka kwa Canon wenyewe. Ni vizuri kujua hayo jioni ya Jumamosi kuliko kuyajua Jumatatu asubuhi watu wamepanga foleni.

Fishie sasa, kwa haraka. Hakuna C, hakuna D. Kila kitu kinaanzia kwenye mkwaju mmoja /, vitu vyako viko ndani ya /home na jina lako, fulashi ya mteja inatokea ndani ya /media. Na Barua.docx na barua.docx kwa Linux ni fishie mbili, zinaweza kukaa dosie moja zote mbili bila kugombana, kwa hiyo kama muko watatu munatumia mashini moja pataneni jinsi ya kuandika majina. Programu hautafuti exe kwenye intaneti, unafungua duka la programu unatafuta mule. Kwenye terminali, lile dirisha la kuandika amri, ukiwa kwa Ubuntu (ndugu yake Mint) ya matoleo ya zamani na ikakuomba neno la siri, unaandika na hakuna kinachoonekana hata nyota moja, iko inaandika, maliza na ubonyeze Enter. Mint inaonyesha nyota.

Umeme. Hii hawawezi kukuandikia kwenye vitabu vya kule Ulaya juu hawaijui. Unafanya apdeti, umeme unakatika, betri ya laptopu ilikufa zamani, mashini inazima katikati. Ukiwasha tena duka la programu linakataa kila kitu, linasema dpkg, ile inayoinstale pakiti za programu, imekatizwa. Watu wengi wanaformata mashini nzima juu ya hiyo! Usiformate. Fungua terminali, andika sudo dpkg --configure -a, inaendelea pale ilipoachia, mara nyingi inatosha. Na kwa upande wa mega za intaneti, munajua vile zinakwisha, ukishusha programu kwa apt-get zile pakiti zinabaki ndani ya /var/cache/apt/archives, unaweza kuzikopi kwenye fulashi na kuziinstale kwenye mashini nyingine yenye Mint ya toleo lilelile. Mashini moja inanunua forfe, nne zinakula. Na kama Wi-Fi ya mashini haionekani mara ya kwanza, inakuwaka hivyo kwa kadi za Broadcom, chomeka simu kwa kebo, washa ile ya kugawa intaneti kwa USB, itaingia, halafu ushushe dreva.

Wale watakaoacha Windows na Linux zote mbili kwenye diski moja watakutana na saa. Linux inapenda kuweka saa ya mashini kwa saa ya dunia, Windows inafikiri ile ni saa ya hapa, na sisi Bukavu tuko mbele ya saa ya dunia kwa masaa mawili, basi ukirudi Windows saa nne inaonekana saa mbili. Amri ni timedatectl set-local-rtc 1, kwa terminali ya Linux, mara moja tu. Na kule Windows zima ile kuwasha kwa haraka, juu ikiwashwa Windows haizimiki kabisa inalala tu, na Linux inakuonyesha diski yake kwa kusoma bila kuandika.

Ndiyo mama, nimeona mkono. Anauliza kama programu yake ya kontabilite itaingia. Mama, kama ni ya Windows peke yake, kuko Wine ambayo inajaribu kuendesha programu za Windows, zingine zinakubali zingine zinakataa katikati ya kazi, na kwa vitabu vya pesa za watu mimi siwezi kukuambia ujaribu bahati. Acha ile mashini ya kontabilite kwa Windows, iondoe kwenye intaneti kama unaweza, na mashini ya kuandika na kuchapa uiweke Linux. Hakuna sheria inayosema nyumba nzima ihame siku moja. Hata Microsoft Office haiko kwa Linux, mwenye kazi yake ni Excel zenye makro nzito nzito abaki kwanza.

Kijana yule anauliza kama inachukua muda gani kuzoea. Kufungua, kuandika, kuchapa, siku hiyohiyo. Mikono kuacha kutafuta namba kwa Caps Lock, hiyo inategemea unaandika faktire ngapi. Haya, wenye kuleta mashini zao wabaki, fulashi za Mint ziko hapa mezani, ila anzeni na kukopi vitu vyenu kwenye diski ya nje kabla ya kugusa chochote, na asiye na diski ya nje leo aangalie tu.