Tutege kwa Kufuata Maji: Uvuvi wa Mto Rufiji Baada ya Bwawa

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu wavuvi, na kina mama mnaochuuza samaki, asanteni kwa kuacha shughuli zenu mkaja.

Mto huu haufuati tena kalenda tuliyorithi. Zamani masika yakikolea, kati ya Machi na Mei, Rufiji ulifurika, maji yakaingia mabondeni na kwenye maziwa kama Zumbi na Ruwe, kambale wakapanda kwenye majani kutaga. Maji yakishuka, watu walilima mlao, yaani kilimo cha kwenye unyevu ulioachwa na mafuriko, na migono, mitego yetu ya samaki, ikajaa. Tangu tarehe 22 Desemba 2022, Bwawa la Julius Nyerere lilipoanza kujazwa, maji ya mito ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu yanazuiwa kwanza bwawani ndipo yatufikie. Kilombero peke yake huleta zaidi ya nusu ya maji hayo. Kwa hiyo kujaa na kupwa kwa mto sasa kunatokana na mvua na pia mitambo ya umeme. Na mafuriko hayajaisha. Aprili 2024 wote tuliyaona, Rufiji na Kibiti, mashamba na nyumba vikiwa chini ya maji.

Ninachowaomba ni kwamba tuache kutega kwa kufuata mwezi, tutege kwa kufuata maji ya siku ile.

Chukueni mti mnyoofu, mkate alama kila urefu wa kiganja, mkausimike ukingoni mahali penye maji ya utulivu. Mtu mmoja ausome asubuhi na jioni, aandike daftarini. Baada ya muda mtaona mto unavyopumua, na mtajua kama maji yanapanda, yanashuka au yametulia kabla hamjashusha mtumbwi.

Maji yanapopanda kuingia bondeni, samaki wanatoka mtoni kwenda kwenye majani. Mdomo wa mgono uelekee mtoni. Maji yakianza kurudi, ugeuzeni uelekee bondeni, kwa sababu samaki wanarudi nayo. Hilo wazee wanalijua tangu utoto. Tofauti ni kwamba zamani uligeuza mgono mara moja kwa msimu, na sasa huenda ukalazimika kuugeuza mara kadhaa. Jambo moja nalisema kwa uchungu: msizibe mfereji wote unaounganisha ziwa na mto. Acheni nafasi katikati. Mafuriko yakiwa machache, mfereji huo ndiyo njia pekee ya mbegu ya samaki, na kijiji kinachouziba kinakula samaki wa mwaka ujao.

Kuna pia suala la maji kuwa meupe. Tope nyingi hutuama bwawani, na maji yanayotoka huwa safi zaidi, hivyo samaki anauona wavu. Tumieni uzi mwembamba, tandeni jua likizama, mtegue alfajiri. Mchana tafuteni mahali kijito kinapoingiza maji ya tope. Maji yakichafuka sana, wavu hujaa takataka. Hapo rudini kwenye mshipi wenye ndoana nyingi na chambo chenye harufu kali, maana kambale hutafuta chakula kwa ndevu zake na harufu, hahitaji kuona.

Mkondo ukiwa mkali, msikatishe wavu mto mzima. Ulazeni upande, kwenye maji yanayozunguka nyuma ya kona, na mwongeze uzito wa chubwi. Ukingoni penye majani marefu angalieni mamba na viboko, maana maji yakijaa nao husogea.

Najua samaki wakipungua mkono huenda kwenye kokoro, wavu wa kukokota chini, na nyavu za macho madogo. Nawasihi, hapana. Perege dume huchimba kiota kwenye maji mafupi, na maji yakishuka ghafla kiota hubaki mchangani. Tayari mto unamnyima nafasi. Kokoro likipita hapohapo, vifaranga vilivyosalia vinaisha.

Kwa upande wa serikali, ombi letu liandikwe leo: wavuvi wa Mloka, Utete hadi Mohoro wapewe taarifa mapema maji yanapofunguliwa kwa wingi, kwa simu na kwa redio, ili mtu aondoe nyavu na watoto ukingoni.

Maswali sasa. Naomba watu wa delta, kule mto unapoingia baharini, waanze, kwa sababu suala la maji ya chumvi kupanda mtoni sijaligusa, na wao ndio linalowafika kwanza.