Yezhov: karani asiyejua kusimama

Haya jamani tuanze, wa nyuma sogeeni huku mbele viti vipo. Leo nawaletea habari za Nikolai Yezhov, bosi wa NKVD, yaani usalama wa taifa wa Muungano wa Sovieti kipindi kile cha Stalin. Ukimwona humdhanii hata kidogo, kajamaa kafupi, sentimita 151 tu, kapole, na ofisini wenzake walikuwa wanampenda kabisa.

Huyu alipandia kwenye makaratasi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 alikuwa chini ya mkubwa mmoja wa Chama cha Kikomunisti, Ivan Moskvin, aliyekuwa anashughulika na kuwapangia makada vituo vya kazi. Moskvin alimkubali sana, na mkewe alikuwa anamlazimisha ale akija nyumbani maana dogo amekonda na anaumwaumwa. Sasa huyu Moskvin alikuwa anasema Yezhov ukimpa kazi huna haja ya kufuatilia, itafanyika tu, ila ana kasoro moja: hajui kusimama, akianza haachi. Hiyo ishikeni.

Septemba 1936 Stalin yuko Sochi anapumzika, anapiga telegramu Moscow kwamba Yagoda, bosi wa NKVD wa wakati huo, kazi imemshinda, idara imechelewa miaka 4 kuwafichua maadui, awekwe Yezhov. Yagoda hakukamatwa siku ile, hapana, alipewa wizara ya posta na simu, akakaa kaa pale miezi kadhaa ndo wakaja kumchukua, na Machi 1938 akapigwa risasi. Huo mtindo wa kuhamishiwa wizara tutaukuta tena.

Sasa njooni kwenye amri namba 00447 ya kuwasaka hao maadui, ya tarehe 30 Julai 1937, ina sahihi ya Yezhov. Mimi watu wakiniambia jamaa alikuwa kichaa nawaambia someni ile amri kwanza, maana imeandikwa kama bajeti. Kila mkoa umepangiwa idadi yake, kundi la kwanza ni wa kupigwa risasi, kundi la pili ni wa kambini au jela miaka 8 mpaka 10, Moscow na mkoa wake peke yake kundi la kwanza watu 5,000, yaani wamepangwa kabla hata hujajua ni nani na kafanya nini! Majina yanatafutwa baadaye ili namba itimie. Anayehukumu ni kamati ya watu 3, troika, wanapitisha mafaili tu, mshitakiwa mwenyewe hayupo na wakili hakuna. Halafu kilichonishangaza zaidi ni wakubwa wa mikoani, walikuwa wanaandika Moscow kuomba waongezewe idadi, kiherehere kitupu, na Moscow ikawa inaongeza. Kwa hesabu za idara yenyewe, 1937 na 1938 waliohukumiwa kifo kwa kesi za kisiasa ni 681,692. Moskvin naye, yule yule wa kumlisha, alipigwa risasi 1937.

Kuanguka kwake hakukuchukua muda. Aprili 1938 anaongezewa wizara ya usafiri wa majini, na nyie Yagoda mmeshamsikia. Juni, mkuu wa NKVD wa Mashariki ya Mbali, Lyushkov, anavuka mpaka kwenda kujisalimisha kwa Wajapani, aibu hiyo inamwangukia bosi. Agosti analetewa naibu, Beria. Pombe ikawa ndo rafiki, Novemba mkewe akafa kwa vidonge vya usingizi, na mwezi huo huo zile operesheni za kukamata na kuua watu zikasimamishwa na yeye akavuliwa NKVD.

Walimkamata tarehe 10 Aprili 1939. Kwenye upekuzi walikuta chupa za vodka zimefichwa nyuma ya vitabu, nyingine tupu nyingine zimejaa, na kwenye droo ya meza risasi zilizobonyea, zimefungwa kwenye vikaratasi vimeandikwa Zinoviev, Kamenev, Smirnov. Hao ni wakongwe wa Chama waliouawa 1936, na zile ndo risasi zilizowaua. Kaziweka, sijui awe anaziangalia?

Wakamshitaki ujasusi na njama za kumuua Stalin. Mahakamani akakana yote, akasema alikiri kwa sababu ya kipigo, ndo akaongeza kwamba yeye alisafisha, yaani aliwaondoa, watu wa usalama 14,000, na kosa lake kubwa ni kwamba aliwasafisha wachache mno. Bado tu hasimami! Februari 1940 akapigwa risasi kimya kimya, magazeti hayakuandika kitu, na ile picha yake na Stalin kwenye mfereji wa Moscow ikafutwa sura yake, pamebaki maji.

Mwaka 1998 ndugu wakaomba asafishwe jina, maana ule ujasusi kweli alibambikiwa. Jopo la kijeshi la Mahakama Kuu ya Urusi likakataa: huyu ndiye aliyeweka sahihi.