Kibua wa mama mjamzito: mazungumzo na kina mama wa Tanga

Mama zangu, dada zangu, na nyie kina baba mliokuja, assalaam aleikum. Wakubwa, shikamooni.

Nimekuja na kibua. Nimemnunua leo asubuhi pale soko la samaki la Deep Sea, na nimemleta kwa sababu kuna jambo linaniuma. Mjamzito akitamani samaki, tunamhangaikia kipande cha papa, eti ndiyo heshima. Vibua na dagaa tunamwachia asiye na kitu. Hapo tumesimamisha mambo kichwa chini miguu juu.

Kuna madini yaitwayo zebaki. Huingia baharini kutokana na moshi wa makaa ya mawe na uchimbaji wa dhahabu, na humo majini vijidudu huigeuza kuwa sumu inayonasa mwilini mwa samaki. Dagaa na kibua wana chembe tu. Jodari anawala hao wadogo, papa anakula wote hao miaka nenda rudi, na sumu ya kila aliyemla inazidi kujikusanya ndani yake. Kuosha hakuitoi. Kuchemsha hakuitoi. Na ng'onda wa papa ni yule yule, kilichopungua ni maji.

Kule Minamata, Japani, kiwanda kilimwaga zebaki ghubani na watu wakala samaki wa hapo. Ugonjwa ulitambuliwa mwaka 1956. Kinachonitisha mpaka leo ni wale kina mama walioonekana wazima, wakajifungua watoto walioumia ubongo. Jamani, bahari yetu si Minamata, na sitaki mtu atoke hapa akiogopa samaki. Ila mjamzito, anayenyonyesha na mtoto mdogo waepushwe na papa na nduaro, yule samaki mkubwa mwenye mdomo kama mkuki.

Wapeni huyu. Kibua ana mafuta ya omega-3, yanayojenga ubongo na macho ya mtoto tangu yumo tumboni, na yanayomfaa mtu mzima kwa moyo. Samaki aitwaye simsim naye hivyo hivyo. Dagaa tunamtafuna na mifupa yake, tukapata na chokaa ya mifupa yetu. Wataalamu wa moyo wa Marekani wanahimiza samaki mara mbili kwa wiki, hasa wa mafuta, na wa mafuta tunao hapa kwa mafungu, hatuhitaji salmoni wa kwenye makopo.

Lakini kibua hana subira na jua. Akilala juani, bakteria hutengeneza kitu ndani ya nyama yake kinachomletea mlaji uso mwekundu, kuwashwa na kichwa kuuma. Wengi husema, "Mimi vibua vinanidhuru," kumbe alidhuriwa na jua la sokoni. Hata umkaange akauke, kitu hicho hakifi. Kwa hiyo muulize muuzaji barafu iko wapi, na ukifika nyumbani usimwache kwenye kapu ukaenda kupiga soga.

Tazameni: jicho limejaa, linang'aa, halijazama. Nikibonyeza ubavu, nyama inarudi. Nikifunua shavu, ndani ni nyekundu kama damu, na harufu ni ya bahari tu. Shavu likiwa la kahawia na utelezi mzito, mrudishe kwenye meza ya mwenyewe.

Na mapishi? Mchuzi wa ukwaju, au umchome kwa ndimu. Kumzamisha kwenye mafuta yaliyokwisha kaanga mara tano, hapana.

Nimebakiza vibua wengine kwenye barafu hapa mezani. Sogeeni, kila mmoja afunue shavu mwenyewe.